Punguza picha kabla haijasafiri

Karibuni jamani, naona viti vimejaa na wengine mmekaa chini, asanteni sana kwa kuja. Leo nazungumzia kupunguza saizi ya picha kwa JavaScript na nina jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote yatazunguka hapo hapo: picha ipunguzwe kabla haijasafiri, sio ikishafika. Ikishafika mtu ameshalipa, bando limeshaliwa, simu imeshapata moto, hapo hata ukiipunguza unakuwa umempunguzia nani?

Tuanze na hesabu maana hesabu ndo inaonyesha ukubwa wa tatizo. Simu nyingi siku hizi zinapiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, zidisha hapo unapata pikseli milioni 12. Faili lenyewe la JPEG linaweza kuwa MB 3 au 4 au 5 na watu wengi wanaangalia hiyo namba tu wanasema aah sio mbaya, lakini brauza ikitaka kuichora hiyo picha lazima kwanza ilifungue faili, na kila pikseli ikifunguliwa inakula baiti 4, nyekundu moja, kijani moja, bluu moja na ya nne ya uwazi, kwa hiyo picha moja inaweza kufika baiti milioni 48 kwenye memori. Picha moja! Alafu unakuta kwenye ukurasa imewekwa kwenye kiboksi cha 300 kwa 225, yaani pikseli 67,500 tu. Umembebesha mtu karibu mara 178 ya kile anachokiona. Kuna brauza zinajitahidi kuifungua JPEG kwa saizi ndogo zaidi kuokoa memori, sawa, lakini zile MB zimeshapita kwenye mtandao, hakuna wa kuzirudisha.

Sasa developa anakwambia mimi nimeshapunguza, nimeandika width 300 kwenye CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Hapana ndugu yangu, hapo umebadilisha inavyoonekana, faili ni lile lile. Na kuandika img.width = 300 kwenye JavaScript ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba umeifanya kwa njia ndefu zaidi.

Hii tabia ina historia yake. Tagi ya img, ile ya HTML inayoweka picha kwenye ukurasa, ilipendekezwa na Marc Andreessen Februari 1993 wakati wa kutengeneza brauza ya Mosaic, na baadae watu walipoanza kupachika picha kubwa zinazobomoa ukurasa ikazuka mtindo wa skripti zinazopita kwenye document.images moja baada ya nyingine, ikikuta picha ina upana zaidi ya 500 inaibana iwe 500. Mpaka leo nazikuta hizo skripti kwenye saiti za watu. Ukiziangalia zinavyofanya kazi utaona picha inatokea kubwa, inasukuma maandishi chini, alafu ghafla inanywea na maandishi yanaruka kurudi juu, msomaji alikuwa anataka kubonyeza kitu kashabonyeza kingine. Kazi hiyo CSS inaimaliza kwa max-width asilimia 100 na height auto, basi. Alafu mwenye HTML aandike upana na urefu halisi wa picha kwenye tagi, maana brauza kubwa tangu 2019 na 2020 zinazitumia hizo namba mbili kujua umbo la picha hata kabla haijafika, nafasi inatengwa mapema, hakuna kuruka.

Na kwa picha ambazo ziko tayari kwenye seva, tumia srcset. Tengeneza saizi tatu nne za picha, ya 400, ya 800, ya 1600, uiambie brauza zote zilipo alafu iache ichague yenyewe kulingana na skrini. Watu wananiuliza kwanini tusichague sisi kwa JavaScript, tukapima dirisha tukabadilisha src, yaani anwani ya picha? Kwasababu brauza inaanza kuchungulia HTML na kuita picha mapema sana, kabla skripti yako haijapata nafasi ya kukimbia, kwa hiyo ukija wewe kubadilisha src ile kubwa imeshaanza kushuka na sasa unaita na ndogo juu yake. Mtu analipia mbili anaona moja.

Kwa hiyo JavaScript kazi yake iko wapi? Iko upande wa kuaplodi, na hapa ndo nataka tukae.

Chukua dada anayeuza kanga, anapiga picha doti kumi kwa simu anataka kuziweka kwenye saiti ya duka uliyomtengenezea wewe. Picha kumi za MB 4 ni MB 40 anazopandisha kwa bando lake mwenyewe, na mara nyingi spidi ya kupandisha ni ndogo kuliko ya kushusha, anasubiri, ikikatika katikati fomu nyingi zinaanza upya. Alafu seva yako ikishazipokea zile MB 40 inafanya nini? Inazipunguza! Yaani kazi ambayo simu yake ingeifanya kwa sekunde chache pale pale mkononi, tumemlipisha aisafirishe kwanza. Mimi hili linaniuma kweli kwasababu suluhisho ni mistari michache tu ya kodi inayoichora picha upya kwa saizi ndogo kwenye kanvasi, ile karatasi ya kuchorea ya brauza, hii hapa kwenye skrini:

async function punguza(faili, kikomo = 1600) {
  const anwani = URL.createObjectURL(faili);
  const picha = new Image();
  picha.src = anwani;
  await picha.decode();
  const w = picha.naturalWidth, h = picha.naturalHeight;
  const uwiano = Math.min(1, kikomo / w, kikomo / h);
  const kanvasi = document.createElement('canvas');
  kanvasi.width = Math.round(w * uwiano);
  kanvasi.height = Math.round(h * uwiano);
  const c = kanvasi.getContext('2d');
  c.fillStyle = '#fff';
  c.fillRect(0, 0, kanvasi.width, kanvasi.height);
  c.imageSmoothingQuality = 'high';
  c.drawImage(picha, 0, 0, kanvasi.width, kanvasi.height);
  URL.revokeObjectURL(anwani);
  return new Promise(r => kanvasi.toBlob(r, 'image/jpeg', 0.85));
}

Tuisome pole pole. Ile decode ni ya kusubiri picha ifunguke, usipoisubiri naturalWidth inakupa sifuri na utakaa unashangaa kanvasi tupu. Kwenye uwiano angalieni ile 1 ndani ya Math.min, wengi wanaisahau, bila hiyo picha ndogo ya 600 itavutwa iwe 1600, inakuwa kubwa na mbaya kwa wakati mmoja. Ile nyeupe nimeimwaga kwanza kwasababu JPEG haina uwazi, mtu akileta PNG ya nembo yenye mgongo wazi na hujaweka rangi chini yake itatoka na mgongo mweusi. Na mpangilio wa mistari una maana, ukibadilisha width ya kanvasi kila kitu kinafutika pamoja na ile imageSmoothingQuality, kwa hiyo weka vipimo kwanza, mipangilio baadae.

Sasa kanga. Kanga ina maneno, na mteja ananunua kwa maneno kama anavyonunua kwa rangi, picha ikipunguzwa hovyo maneno hayasomeki na hakuna biashara hapo. Tatizo linatokea ukishuka ghafla, kwa mfano kutoka 4000 mpaka 400 kwa mruko mmoja. Ile njia nyepesi ya kulainisha inaangalia pikseli nne tu za jirani, sasa wewe unashuka mara kumi kila upande, kila pikseli mpya inatakiwa iwakilishe mia za zamani, yeye kaangalia nne kaacha tisini na sita. Ndo unaona herufi zimekatika katika na vile vidoti vya kwenye pindo vinatengeneza mawimbi ambayo kwenye kitambaa hayapo. Kuweka high kwenye imageSmoothingQuality kunasaidia kwenye brauza zinazoikubali, sio zote. Njia ya uhakika ni kushuka kwa ngazi: 4000 iende 2000, 2000 iende 1000, 1000 iende 500, kila mara nusu, hapo hizo pikseli nne zinatosha kabisa, alafu hatua ya mwisho unamalizia mpaka 400. Kwa kijipicha kidogo cha kwenye orodha fanyeni hivyo kila mara. Kwa 1600 kutoka 4000 mruko mmoja ukiwa na high unaridhisha.

Kingine ni ile namba ya ubora. JPEG inatunza mwanga vizuri kuliko inavyotunza rangi, kwa hiyo maandishi mekundu juu ya rangi nzito ndo ya kwanza kuharibika, na kwenye kanga mekundu hayakosi. Nimeweka 0.85 badala ya 0.7 kwa sababu hiyo. Ukimtengenezea saiti mtu anayeuza maua au viatu unaweza kushuka. Ile picha ya MB 4 hapa mara nyingi inatoka na KB mia chache, inategemea ina vitu vingi kiasi gani ndani yake, lakini zile MB 40 za kupandisha zinakuwa MB 4 au 5 hivi, na hiyo ndo tofauti ya mtu kumaliza kazi na mtu kukata tamaa.

Kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hata bando. Picha ya simu inabeba taarifa za EXIF, yaani maelezo ya picha yaliyofichwa ndani ya faili, na kama mahali pamewashwa kwenye kamera, ndani ya lile faili kuna latitudo na longitudo ya pale alipopigia. Dada wa kanga anapigia picha wapi? Sebuleni kwake. Ukichukua faili lake ukaliweka hewani kama lilivyo, yeyote anayejua kulifungua anaweza kufika mlangoni. Kanvasi inachukua pikseli tu, ukitoa JPEG mpya kupitia toBlob zile taarifa hazipo. Wengine wana mtindo wa kulinganisha, kama faili jipya limetoka kubwa kuliko la mwanzo wanatuma la mwanzo. Kwa picha za watu binafsi msifanye hivyo, tumeni la kanvasi hata likizidi kidogo, maana la mwanzo bado lina nyumba ya mtu ndani yake.

EXIF hiyo hiyo ndo inayobeba mwelekeo, kama simu ilishikwa wima au imelala, una thamani nane tofauti. Zamani ilikuwa taabu, picha inatoka imelala ubavu na unaandika kodi ya kuizungusha, lakini tangu 2020 brauza kubwa zinaigeuza zenyewe, kwa hiyo kama mna kodi ya zamani ya kuzungusha itoeni, la sivyo inazungushwa mara mbili.

Tahadhari za haraka haraka. Safari ya iPhone ina kikomo cha kanvasi, kwa muda mrefu kilikuwa pikseli 16,777,216, yaani 4096 kwa 4096, ukizidisha hapo unaweza kupata kanvasi tupu bila kelele yoyote au toBlob ikakupa null, yaani hakuna kitu, kwa hiyo null iangaliwe kila mara. Ukiomba image/webp kwenye brauza isiyojua kuiandika itakupa PNG kimya kimya, na PNG ya picha ya kamera inaweza kuwa kubwa kuliko uliyoanza nayo, angalia blob.type, aina ya faili lililotoka, kabla hujatuma. Ukichora kwenye kanvasi picha iliyotoka saiti nyingine bila ruhusa ya CORS, ile ambayo saiti yenye picha inaitoa kwa saiti nyingine, kuonekana itaonekana ila kuitoa utakataliwa, hayo ni mambo ya usalama na hayana njia ya mkato. Na seva bado ikague kila kitu kinachofika, JavaScript iko mikononi mwa mtumiaji, mtu anaweza kuiruka akatuma anachotaka.

Naona mikono, haya.

Ndugu hapo nyuma anauliza kama picha ya asili ipotee kabisa. Kwa duka la mtandaoni 1600 inatosha, hata mteja akikuza aone maneno. Lakini kama mwenye kazi ana mpango wa kuchapa bango, 1600 ni ndogo, muwekee kitufe cha pembeni cha kupandisha ya asili kwa hiari yake, akiwa kwenye wifi, na muandikie hapo ni MB ngapi kabla hajabonyeza.

Dada anasema amejaribu kitu kama hiki na simu ya bei nafuu ikafunga brauza. Nina hakika ulizipeleka zote pamoja kwa Promise.all, eeh? Picha kumi mara baiti milioni 48 ni baiti milioni 480 kwa mkupuo, simu ya RAM GB 2 haiwezi hiyo, mfumo unaiua brauza na fomu nzima inapotea. Tumia for ya kawaida yenye await ndani, picha moja ipunguzwe, itumwe, ndo ije inayofuata. Ukimaliza kutoa blob weka kanvasi.width na kanvasi.height kuwa 0 ili memori iachiwe mapema, kwenye iPhone hasa inasaidia. Na kwakuwa zinaenda moja moja, mtandao ukikatika kwenye ya saba zile sita zimeshafika, unaendelea na ya saba.

La mwisho, jina la faili. Blob, yaani lile faili lililotoka kwenye kanvasi, haina jina, ukiiweka kwenye FormData, kile kifurushi cha fomu kinachoenda seva, bila kutaja jina seva itapokea faili zote zinaitwa blob. Ile append ina sehemu ya tatu, weka jina pale, na limalizike na .jpg hata kama mwanzo lilikuwa .png, maana kilichomo sasa ni JPEG.