Waya wa Dishi Uliolala Ukutani na Modemu ya Faiba

BI ZUWENA: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu, mlioko Unguja, mlioko Pemba na mlioko mbali. Mada ya leo nimeileta kutoka nyumbani kwangu. Faiba imeshaingia, modemu imefungwa ukumbini chini, lakini ghorofa ya tatu anakokaa mama, simu haishiki hata mstari mmoja wa wayafai. Maalim Haji, nyumba yetu ina nini?

MAALIM HAJI: Wa alaykumu salaam, Bi Zuwena. Nyumba yenu haina kosa lolote. Nyumba kongwe za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Mawimbi ya wayafai, khasa yale ya gigahezi 5, hudhoofika vibaya kwa ukuta mmoja wa namna hiyo, sembuse kuta mbili na sakafu mbili za boriti.

BI ZUWENA: Fundi aliyekuja alitaka kutoboa, baba mkubwa akakataa katakata.

MAALIM HAJI: Na mimi ningekataa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukuta wa chokaa ukishatobolewa ovyo hula unyevu miaka yote inayofuata. Ndiyo maana nakuuliza kwanza: nyumba iliwahi kuwa na dishi?

BI ZUWENA: Lilikuwepo, juu ya paa. Liliondolewa zamani, lakini waya wake mweusi bado unashuka kando ya ngazi mpaka ukumbini.

MAALIM HAJI: Huo ndio mtaji wako. Waya wa dishi una uzi wa shaba katikati, umezungukwa na povu jeupe, kisha karatasi ya alumini na wavu wa nyuzi nyembamba, halafu ganda la nje. Wavu ule unazuia kelele za umeme zisiingie na mawimbi yasivuje, kwa hiyo waya huu hubeba masafa makubwa kuliko watu wanavyoudhania. Ukiusoma ubavuni utakuta umeandikwa RG6 na ohm 75, na hizo ndizo alama tunazozitaka.

BI ZUWENA: Basi naufunga moja kwa moja nyuma ya modemu?

MAALIM HAJI: Hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Modemu ya faiba hupokea mwanga uliopita katika uzi wa kioo, ikaugeuza kuwa ishara za umeme na kuzitoa kwenye tundu la waya wa mtandao. Zipo modemu chache zenye tundu la kukazia waya wa antena, lakini tundu hilo kwa kawaida hutoa matangazo ya televisheni yaliyosafirishwa kwa faiba, si intaneti. Unachohitaji ni adapta mbili za mfumo uitwao MoCA, unaopitisha intaneti ndani ya waya kama huo wa dishi, na ambao viwango vyake vinatungwa na muungano wa makampuni ulioundwa mwaka 2004. Adapta ya kwanza inakaa chini: waya wa mtandao unatoka kwenye modemu au ruta kuingia ndani yake, na waya wa dishi unakazwa upande wa pili. Ya pili inakaa juu kwa mama, inapokea kutoka kwenye waya wa dishi, na kuipa mtandao ruta ndogo inayotoa wayafai pale pale chumbani.

BI ZUWENA: Na kasi haipotei njiani?

MAALIM HAJI: Toleo la 2.5 la mfumo huo linafikia gigabiti 2.5 kwa sekunde, zinazogawanywa baina ya vifaa vyote vilivyomo kwenye waya, na ucheleweshaji wake ni wa milisekunde chache tu. Kifurushi cha megabiti 50 au 100 hakitaugusa ukomo huo. Hata hivyo nisidanganye watu: mwenye nafasi ya kupitisha waya halisi wa mtandao bila kubomoa, aupitishe, kwani ni rahisi zaidi na hauhitaji adapta mbili zinazokula umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, usiku na mchana.

BI ZUWENA: Nieleze lile la nyumbani kwa dada yako, mtaa wa Mkunazini.

MAALIM HAJI: Lile lilinitoa jasho. Tulifunga adapta mbili, taa ya kuonyesha kwamba zimeonana ikakataa kuwaka. Nilikata ncha zote mbili na kuweka konekta mpya, ikakataa vile vile. Baada ya saa nzima tukasogeza kabati la ngazini, tukakuta kisanduku kidogo cha chuma kilichowekwa zamani ili king'amuzi kimoja kichague baina ya madishi mawili. Kisanduku kile hufungua njia kwa amri ya king'amuzi, na adapta haziitoi amri hiyo. Tukakiondoa, tukaunganisha nyaya kwa kiungo cha chuma, na taa ikawaka kabla sijainuka. Kwa hiyo mtu aufuate waya wake kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho kabla ya kununua chochote. Splita nazo, vile vigawanyaji vya waya, ni hivyo hivyo: nyingi za zamani zimeandikwa mwisho megahezi 1000, na hizi adapta hufanya kazi baina ya megahezi 1125 na 1675, kwa hiyo itafutwe splita inayofika 1675, au iondolewe kabisa kama haina kazi.

BI ZUWENA: Konekta zilizokaa nje zilikuwa na rangi ya kijani.

MAALIM HAJI: Hiyo ni hewa ya bahari, huila shaba polepole. Kata waya nyuma kidogo kidogo mpaka uone wavu unaong'aa. Ukiona umekuwa unga mweusi hata baada ya kukata mita nzima, maji yameshaingia ndani, uachane nao. Jambo jingine: wapo wanaoweka sumaku kwenye uzi wa katikati, wakiona inanasa husema waya ni feki kwa kuwa ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa kazi hii hauna neno, kwa sababu katika masafa haya umeme husafiri kwenye ngozi ya uzi, na ngozi hiyo ni shaba.

BI ZUWENA: Jirani yangu ameuliza kwa ajili yake. Yeye dishi lake bado linafanya kazi, mpira wote wa mtaa unatazamwa kwake.

MAALIM HAJI: Asithubutu kuchanganya katika waya mmoja. Ishara inayoshuka kutoka kwenye dishi iko baina ya megahezi 950 na 2150, yaani inayafunika masafa yote ya adapta hizi, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Isitoshe, king'amuzi cha dishi hupandisha volti 13 au 18 kwenye waya ule ule ili kukiendesha kile kichwa kilichoko mbele ya dishi, na volti hizo zinaweza kuiunguza adapta. Mwenye antena ya kawaida ya king'amuzi ana nafuu, kwani matangazo hayo yako chini ya megahezi 900 na wanaweza kukaa pamoja, ilimradi pawekwe kichujio upande wa antena.

BI ZUWENA: Na wanaokaa fleti, kama Michenzani?

MAALIM HAJI: Ikiwa waya unagawanyika kwa majirani, waweke nenosiri kwenye adapta zote mbili, la sivyo jirani mwenye adapta yake anaweza kuingia ndani ya mtandao wao. Lakini mrudishie jibu yule bwana wa mpira: apande paani ahesabu. Vipo vichwa vya dishi vyenye matundu mawili, na wapo mafundi walioteremsha nyaya mbili hata pale palipohitajika mmoja. Akiukuta wa pili umening'inia bila kazi, auvue upande wa dishi, huo ndio wake.