Kabla ya operesheni ya kifafa: MEG inamwambia nini daktari

Haya jamani tuendelee, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Dawa zinawatuliza wengi wenye kifafa, ila karibu mmoja kati ya watatu anameza dawa mbili tatu na bado anaanguka. Huyo ndo tunaanza kumfikiria operesheni, na swali linakuwa moja, kifafa chake kinaanzia sehemu gani ya ubongo? MRI, ile picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, ikionyesha kovu, kazi imepungua. Shida ni pale MRI inarudi safi kabisa halafu mtu anaanguka kila wiki.

Hapo ndo MEG inaingia, mashine inayopima usumaku wa ubongo. Seli za ubongo zikipitisha umeme zinatoa na usumaku, kidogo mno, ule wa dunia unaogeuza sindano ya dira unauzidi mara mamilioni kwa mamilioni. Kwa hiyo chumba kinazibwa kwa kuta za metali maalum, na vipokezi, 300 hivi, vinakaa ndani ya gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. David Cohen alifungua njia hiyo pale chuo cha MIT Marekani mwaka 1972. Mgonjwa anavua hereni, mkanda, sidiria yenye waya, hata waya za kunyoosha meno zinatuharibia, kisha anakaa kama dada aliye chini ya draya saluni. Mara nyingi tunamwambia usiku usilale sana, maana akisinzia humo ndani cheche, yaani ile mishtuko midogo ya umeme wa kifafa, zinaongezeka. Mashine haimpigi mionzi wala nini, inasikiliza tu.

Na fuvu, ambalo linautawanya umeme tunaoupima kwa EEG, zile waya za kubandika kichwani, usumaku linauachia upite karibu bila kuupinda. Cheche tunazipanga kama vidoti juu ya picha ya MRI: vikijazana sehemu moja daktari anapata pa kuanzia, vikitapakaa pande zote mbili tunakuna kichwa. Mgonjwa tunamwambia pia achezeshe vidole, asikilize maneno, tujue pa kutogusa.

Ila msiniambie MEG imeona basi kata! Tunarekodi kati ya shambulio na shambulio, na cheche hizo si lazima zitoke pale pale kifafa kinapoanzia, tena sehemu za ndani sana haizioni vizuri. Mimi naipenda kwa sababu inaonyesha wapi pa kuingiza elektrodi, zile waya za kupima umeme ndani ya ubongo, badala ya kupapasa.

Sasa kuna helmeti za MEG za kuvaa, watafiti wa Nottingham Uingereza walizionyesha 2018, hazitaki heliamu na mtoto anaweza kugeuza kichwa. Chumba kile bado kinatakiwa lakini, na ni ghali kweli. Haya, maswali, mama wa pale mbele anza.