Mafuta, Maji na Dawa ya Malaria

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo nitazungumzia zaidi dawa moja ambayo wengi wenu mmeshaimeza: dawa mseto ya malaria, ALu. Ukiijua kemia yake, utaelewa kwa nini mgonjwa anaweza kumeza vidonge vyote 24 na bado malaria ikarudi.

Kila kidonge cha kawaida kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Artemetha ina daraja la oksijeni mbili ndani ya molekuli yake. Kimelea cha malaria hula himoglobini na kubakiza chuma. Daraja lile likikutana na chuma hicho hukatika, na chembe kali zinazozaliwa hapo hukiua kimelea. Kazi ni ya haraka, lakini artemetha haikai: baada ya saa mbili hivi, nusu yake imeshatoka kwenye damu. Lumefantrini huchukua siku 3 hadi 6 kupungua nusu, na ndiyo inayomalizia vimelea vilivyobaki.

Tatizo liko kwa huyu mmaliziaji. Lumefantrini inapenda mafuta na inakataa maji. Tumboni kuna majimaji, kwa hiyo ukiimeza na chai ya rangi, sehemu kubwa hubaki ungaunga usioyeyuka na kutoka na choo. Chakula chenye mafuta huita nyongo kutoka kwenye kifuko chake. Nyongo huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria ya pilau, na lumefantrini huyeyuka ndani ya matone hayo hadi ikafika kwenye ukuta wa utumbo. Mlo wenye mafuta mengi umeonekana kuongeza ufyonzwaji wake hadi mara 16. Artemetha huongezeka mara mbili tu.

Angalieni hatari iliyojificha hapo. Homa hushuka kesho yake kwa nguvu ya artemetha, hata kama lumefantrini haikuingia vya kutosha. Mgonjwa anajiona amepona, mama anafurahi, kisha wiki ya tatu au ya nne homa inarudi. Watu husema dawa ni feki. Mara nyingine ni kweli, lakini muulize kwanza alikunywa na nini.

Mafuta yanayohitajika si mengi. Gramu 1.2 zinatosha kufikisha karibu asilimia 90 ya ufyonzwaji, na hizo zimo katika mililita 40 hivi za maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta. Kiganja kidogo cha karanga, kipande cha parachichi au mboga iliyoungwa kwa nazi pia vinafaa. Maziwa ya mama yanamtosha mtoto anyonyaye. Uji mweupe mtupu ndio unaowaangusha wengi. Mgonjwa asiyeweza kula asicheleweshewe dozi ya kwanza. Apewe, na mafuta yaanze mara hamu inaporudi. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4, mara 6, tukihesabu saa tangu dozi ya kwanza: 0, 8, 24, 36, 48 na 60. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi nzima, na aongezewe vidonge ili pakiti isipungue.

Sasa malaria kali. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hamezi, na artemetha ya sindano, kwa kuwa iko kwenye mafuta, hutoka kwenye msuli polepole na bila mpangilio. Wanakemia walibandika kipande chenye asidi kwenye molekuli ya dihidroatemisinini, ndugu wa karibu wa artemetha, ikawa artesuneti. Hata hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nacho: asidi inageuka chumvi, na mapovu mnayoyaona ni hewa ya kaboni. Kizungushe taratibu mpaka kiwe angavu kama maji. Kikibaki na ukungu, kitupe. Kisha ongeza mililita 5 za maji ya chumvi kwa sindano ya mshipa, au 2 kwa ya msuli. Itumie ndani ya saa moja, kwa sababu ikiwa ndani ya maji huanza kuvunjika. Tafadhali msitayarishe asubuhi dozi ya jioni.

Sindano ziende angalau saa 24. Mgonjwa akishaweza kumeza, ALu ianze saa 8 hadi 12 baada ya sindano ya mwisho, siku tatu kamili, pamoja na maziwa yake.