Katiba ya Jiji na Haki ya Kukusanya Sahihi: Mhadhara kwa Wapiga Kura wa Texas

Ndugu zangu, nazungumza na ninyi mlioapa uraia na mnaopiga kura katika majiji ya Texas. Kila baada ya muda mnaletewa karatasi ya kura yenye mapendekezo ya kurekebisha katiba ya jiji (charter), na wengi huyaruka kwa sababu yanachosha kusoma. Naomba leo tuyasome yale yanayogusa haki ya wananchi kukusanya sahihi na kulilazimisha baraza la jiji liitishe kura. Ni nadra haki hiyo kufutwa waziwazi. Inapopunguzwa, hupunguzwa kwa tarakimu.

Kuna maombi ya sahihi (petition) ya aina mbili, tusiyachanganye. Ombi la kubadili katiba yenyewe ya jiji linalindwa na sheria ya jimbo: zinatakiwa sahihi za asilimia 5 ya wapiga kura wenye sifa, au 20,000, kutegemea ipi ni ndogo. Baraza la jiji haliwezi kupandisha kiwango hicho. Ombi la kutunga au kufuta sheria ndogo, yaani sheria inayopitishwa na baraza la jiji, kwa upande mwingine, linatawaliwa na katiba ya jiji. Hapa ndipo neno moja likibadilishwa linaumiza.

Tazameni San Antonio. Novemba 2018 wapiga kura waliulizwa kama muda wa kukusanya sahihi za kupinga sheria ndogo uongezwe kutoka siku 40 hadi 180, idadi isizidi 20,000 badala ya asilimia 10, na mambo kama kodi na bei za huduma za umma yaruhusiwe kupingwa. Walikataa. Piga hesabu kwa jiji lenye wapiga kura 750,000: asilimia 10 ni sahihi 75,000, na ndani ya siku 40 ni 1,875 kila siku, Jumapili zikiwemo. Kwa 20,000 ndani ya siku 180 ni kama 111 kwa siku. Hiyo ya kwanza wanaiweza wenye fedha za kuajiri wakusanyaji. Ya pili inawezekana hata kwa watu wa kujitolea. Sisemi kila kizingiti kikubwa ni hila, maana jiji nalo linahitaji kulinda bajeti yake. Ila mpiga kura anastahili kuiona hesabu hii kabla ya kutia alama.

Angalieni pia asilimia inatolewa kwenye nini. Houston, mwaka 2014, waliotaka kufuta sheria ya jiji ya kuzuia ubaguzi walihitaji sahihi 17,269 tu, kwa kuwa hesabu ilitokana na kura zilizopigwa kumchagua meya, si daftari zima la wapiga kura. Tarakimu "10" inaweza kubaki palepale, na mzigo ukaongezeka mara kadhaa kwa kubadilisha maneno yanayoifuata.

Halafu someni nani anathibitisha. Katika ombi hilohilo la Houston, katibu wa jiji alihesabu sahihi za kutosha, wanasheria wa jiji wakakataa kurasa nyingi. Julai 2015 Mahakama Kuu ya Juu ya Texas iliamua kwamba katiba ya jiji imempa kazi hiyo katibu, hivyo baraza lilipaswa kuifuta sheria au kuipeleka kwenye kura. Novemba ikafutwa na wapiga kura. Uwe uliipenda sheria ile au hukuipenda, kesi iliamuliwa na kifungu ambacho watu wachache walikuwa wamewahi kukisoma.

Mtego mwingine ni kalenda. Katiba ya Texas inakataza katiba ya jiji kurekebishwa zaidi ya mara moja katika miaka miwili. Baraza likipeleka rekebisho dogo Mei na likapita, ombi lenu la kubadili katiba ya jiji litasubiri, hata kama sahihi zimetimia. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa fomu, muulizeni katibu wa jiji tarehe ya rekebisho la mwisho lililopita. Ombi la sheria ndogo haliguswi na marufuku hii.

Kwenye fomu, kila anayesaini aandikiwe jina kwa herufi za kusomeka, anwani ya makazi, tarehe ya kusaini, na tarehe ya kuzaliwa au namba ya usajili wa mpiga kura. Jiji likiwa ndani ya kaunti zaidi ya moja, aongeze kaunti alikojiandikisha. Sahihi iliyowekwa zaidi ya siku 180 kabla ya kuwasilishwa haihesabiwi. Idadi ya sahihi zinazotakiwa ikizidi 1,000, katibu anaweza kukagua sampuli, isiyopungua asilimia 25 ya sahihi zote zilizowasilishwa au 1,000, kutegemea ipi ni kubwa. Sahihi nyingine hukataliwa kwa sababu waliosaini wanaishi nje ya mpaka wa jiji. Ikiwa robo ya sahihi zitakataliwa, kupata 20,000 halali kunahitaji kukusanya karibu 26,700.

Na msipange kwa matumaini. Wazima moto wa Houston waliwasilisha sahihi zao za kudai mishahara sawa na ya polisi Julai 2017, uhakiki ukachelewa, na kura ikapigwa Novemba 2018. Mkiona rekebisho linalogusa muda wa uhakiki, tafuteni kama limemwekea katibu idadi ya siku za kumaliza kazi. Lisipotaja siku, mwandikieni diwani wenu aziingize kabla baraza halijapitisha maneno ya kwenye karatasi ya kura, kwa sababu baada ya hapo mtabaki na ndiyo au hapana.