Nani kashika nyundo? Safari ya sera ya misitu Tanzania

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, mimi Rehema, niko na kaka yangu Baraka kama kawaida. Hii mada nimeisubiri kwa hamu, wiki nzima tumekua tunatumiana meseji mpaka usiku wa manane kuhusu misitu. Baraka, anza na ile nyundo.

BARAKA: Asante dada. Iko hivi, kuna nyundo ya chuma, ukiigeuza kichwani ina alama imechongwa, bwana miti, yani afisa misitu, anaigonga kwenye kisiki alafu anaigonga kwenye gogo pale palipokatwa. Gogo lenye ile alama linapita geti la maliasili, lisilo nayo ni la magendo. Basi mimi nikikuambia historia nzima ya sera ya misitu nchi hii ni swali la nani kashika ile nyundo, wala sijazidisha.

REHEMA: Na kwa miaka mingi mshikaji alikua mmoja tu.

BARAKA: Mmoja tu, serikali. Alianza Mjerumani, mwaka 1904 akatoa sheria ya kuhifadhi misitu, akaenda anaweka mipaka kule Usambara na kwingine, na mikoko ya Rufiji alikua ameshaiwekea mkono tangu kabla ya hapo. Sasa we fikiria mtu ambaye babu yake alikua anaingia msituni kuchimba dawa, kutambika, kukata nguzo za nyumba, kaamka asubuhi kaambiwa ukiingia humo we mhalifu. Akaja Mwingereza na sheria yake ya 1921, mwaka 1953 ikatoka sera ya kwanza ya misitu, 1957 sheria nyingine tena.

REHEMA: Hapo kwenye 1957 ndo mi nilishtuka jamani. Kwasababu ukifatilia, uhuru ukaja 1961, Azimio la Arusha 1967, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, vyama vingi vikarudi, na muda wote huo sheria ya misitu inayotumika, ukitoa marekebisho ya hapa na pale, ni ileile ya mkoloni ya 1957! Mpaka Bunge lilivyopitisha Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002, nayo ikaanza kutumika 2004.

BARAKA: Na sio kwamba watu wa serikali huru walikua na nia mbaya, hapana. Wazo lilikua kwamba msitu ni mali ya umma, na serikali ndo inaulinda kwa niaba ya umma. Shida ni kwamba bwana miti mmoja anasimamia eneo ambalo hata kwa gari siku tatu humalizi kulizunguka. Mwanakijiji nae anauona ule msitu ni wa serikali, akisikia shoka linalia usiku anageuka upande wa pili analala, sio wake ule.

REHEMA: Ukawa shamba la bibi.

BARAKA: Kabisa. Sasa twende Babati, kwasababu mi naona mambo yaligeukia pale. Kuna msitu unaitwa Duru-Haitemba, ni miombo, kama hekta 9,000 hivi, umezungukwa na vijiji vinane. Mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ikataka kuutangaza kuwa hifadhi, wapima wakaja, mipaka ikaanza kuwekwa. Wanavijiji waliposikia tu kwamba unachukuliwa, watu wakaingia kukata na kulisha kwa fujo, kila mtu awahi chake kabla hakijaondoka.

REHEMA: Yani ule mpango wa kuuokoa ndo ukauharakishia kifo.

BARAKA: Ndo hivo. Alafu likafanyika jambo la ajabu kwa wakati ule, wataalamu wakakaa na wanavijiji wakawauliza, haya, tukiwaachia nyinyi mtaulinda vipi? Na kumbe wana majibu. Wakapanga wenyewe sehemu za kupumzisha, sehemu za kulisha mifugo, wakateua walinzi wao vijana wa palepale, wakaandika sheria ndogo zao na faini zao, na mwaka 1994 vijiji ndo vikawa vimeshika msitu. Uharibifu ukapungua kwa kasi ambayo doria za miaka yote hazikuwahi kufikia, na hapo sheria ya nchi bado haijabadilika, ni ileile ya 57!

REHEMA: Hii naomba niikazie, kwasababu tumezoea kuona sera inaandikwa mjini alafu inashushwa kijijini. Hii ilipanda. Wa Babati walifanya kwanza, na wa Mgori kule Singida, alafu Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 ikaja kuandika kitu ambacho watu tayari wanakiishi.

BARAKA: Na katikati hapo usisahau sheria za ardhi za 1999, hususan Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, maana bila kijiji kuwa na ardhi yake inayotambulika, msitu wa kijiji ungesimamia wapi? Kwahiyo ile ya 2002 ilivyokuja ikakuta msingi upo. Kijiji kikikubaliana kwenye mkutano mkuu, kikawa na Kamati ya Maliasili, kikapima msitu wake, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, basi kinaweza kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, na mapato ya mazao ya msitu ule yanabaki kijijini, hayaendi hazina. Na kijiji kinaweza kusajili nyundo yake!

REHEMA: Nyundo imehama mkono.

BARAKA: Imehama, kwenye karatasi. Kwasababu angalia kilichotokea kusini miaka hiyohiyo. Mwaka 2003 daraja la Mkapa pale Rufiji linafunguliwa, kitu kizuri kabisa, watu wa Lindi na Mtwara walikua wanalala kivukoni siku kadhaa kusubiri pantoni. Lakini barabara inayopitisha mgonjwa inapitisha na magogo. Mbao ngumu za kusini zikaanza kutoka kwa malori kwenda Dar na nje ya nchi. TRAFFIC, shirika linalofatilia biashara ya wanyamapori na mimea, wakatoa ripoti 2007, wakaonyesha kuna mahali mrabaha, ile ada ya serikali kwa mti unaovunwa, uliopotea ulifika mpaka asilimia 96.

REHEMA: Ngoja, hebu iweke kwa pesa. Katika kila shilingi 100 iliyotakiwa kulipwa...

BARAKA: Zinaingia nne tu. Na mwanakijiji aliyekua na mti nyuma ya shamba lake anapewa hela ya sukari tu, mti umeenda.

REHEMA: Inauma sana. Mi inaniuma kwasababu mpingo mmoja unakua pole pole mno, unachukua miongo mingi kabla haujafikia wa kuvunwa, alafu unaondoka kwa bei ambayo hata daftari za mtoto hazitoshi. Lakini hukohuko kusini kuna habari nzuri pia, Kilwa.

BARAKA: Eeh, Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi misitu yao ikaingia kwenye cheti cha FSC, ile alama ya kimataifa ya mbao zilizovunwa kwa utaratibu, na ilikua mara ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na wanajamii. Baada ya hapo vijiji vingine vikafata, kama Nanjirinji. Kijiji kinahesabu miti yake, kinapanga ikatwe mingapi, mnunuzi anakuja anakaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji anajadiliana bei. Kwenye benchi la kijiji, dada! Zamani mnunuzi alikua anamaliza kila kitu wilayani, kijiji kinasikia tu msumeno.

REHEMA: Sasa hapa wasikilizaji wengine watasema mbona mnapamba, misitu si inazidi kuisha? Na wako sahihi. Tathmini ya taifa ya misitu, ile NAFORMA, ilikuta tuna hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, na makadirio yaliyofata yakasema kati ya 2002 na 2013 tulikua tunapoteza hekta zaidi ya 469,000 kila mwaka. Kila mwaka! Na karibu nusu ya misitu yote iko kwenye ardhi za vijiji, na sehemu kubwa ya hiyo haijawahi kutangazwa kuwa hifadhi ya kijiji, haina mpango, haina mlinzi, ndo hiyo inaliwa na mashamba ya kuhamahama na mkaa.

BARAKA: Na kwenye mkaa sera yetu imeyumba sana, lazima tuseme. Mwanzoni mwa 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa, haikuchukua hata mwezi ikalegeza, kwasababu watu mjini wapike na nini? Saivi kuna mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024, lengo asilimia 80 ya watu wawe wamehamia huko ifikapo 2034, na mi naunga mkono kwa moyo wote, mama zetu wamekula moshi vya kutosha. Ila mpaka siku hiyo mkaa unatoka mahali fulani.

REHEMA: Hebu waambie ulichokiona Kilosa, maana hii umenisimulia mara tatu na sijachoka.

BARAKA: Kilosa kuna vijiji vilianza kuchoma mkaa kwa mpango, mradi ulianza 2012. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa bao hivi, unakata hiki unaruka kile, na kila kitalu kinarudiwa baada ya miaka 24. Hawang'oi visiki. Mzee mmoja akanipeleka kwenye kitalu cha zamani, mi nilitegemea kukuta jangwa, nakuta visiki vyote vina machipukizi, kimoja nilihesabu tisa, mengine yananipita urefu. Akachuchumaa akagusa moja akasema haya tutapunguza, tubakize mawili matatu yenye nguvu. Pembeni kuna duara jeusi lilipokua tanuri, majani yameanza kurudi pembeni pembeni. Na ushuru wa yale magunia unaingia kijijini, mkutano mkuu unaamua unafanya nini.

REHEMA: Alafu zikaja kanuni za 2019.

BARAKA: Zikaja, Tangazo la Serikali namba 417, zikaongeza vibali na usimamizi wa juu kwenye uvunaji wa misitu ya vijiji, na kwa maoni yangu pale tulirudi nyuma. Naelewa hofu yao, wapo viongozi wa vijiji waliouza msitu kimyakimya, hakuna anayetaka kumkabidhi fisi bucha. Lakini kijiji kilichofata hatua zote za sheria, kikaulinda msitu miaka kumi kwa jasho lake, ukikifanya kisubiri sahihi za watu wengine ndo kivune chake, kinaanza kuuona msitu ni wa serikali tena. Na ukishaonekana ni wa serikali, unajua shoka likilia usiku nini kinatokea.

REHEMA: Mtu anageuka upande wa pili. Kwahiyo kama uko kijijini na unatusikiliza, mkutano mkuu ujao uliza vitu viwili tu, msitu wetu umesajiliwa? Na mapato na matumizi yake yamesomwa lini mara ya mwisho? Ni haki yako kuuliza. Baraka, yule mzee wa Kilosa ulimuuliza swali langu?

BARAKA: Nilimuuliza. Nikamwambia baba, kitalu mlichokata 2014 kinarudiwa 2038, utakua wapi? Akanipeleka ofisi ya kijiji, akafungua kabati, akatoa ramani ya vitalu imekunjwa kwenye nailoni, kila kitalu kimeandikwa mwaka wake kwa kalamu. Akasema mimi sijui nitakua wapi, hii itakua hapa. Akaikunja vilevile, akafunga kabati, funguo akampa binti aliyekua ndo katibu wa kamati.