Kusafisha, Kufunga, Kutoa, Kuunguza

Mwangaluka, akina mama! Ahsanteni, nimewasikia hadi wale waliokaa karibu na mlango. Najua wengi mmetoka sokoni Mwaloni moja kwa moja, dagaa mmewaacha juani na mtoto wa jirani anafukuza kunguru, kwa hiyo sitawaweka sana. Mwenyekiti wa kikundi chenu cha hisa aliponipigia alisema, "Sista, njoo utuongeleshe kuhusu damu." Nikamuuliza, damu ipi? Akashusha sauti: "Ile ya kila mwezi. Isiyokatika."

Ndiyo hivyo, tunainong'ona. Na kwa kuwa tunainong'ona, kila mtu analitumia neno alilolisikia kwa shoga yake. Kliniki nasikia maneno manne: kusafisha kizazi, kufunga kizazi, kutoa kizazi, na siku hizi kuunguza kizazi. Mtu anaomba moja akimaanisha jingine. Leo nimekuja hasa kwa ajili ya hilo la nne, lakini huwezi kulielewa bila kuyapitia yale matatu.

Kwanza, damu nyingi ni kiasi gani? Vitabuni mtakuta mililita 80 kwa hedhi moja, yaani vijiko vya chai 16. Nani hapa amewahi kupima yake kwa kijiko? (Kicheko.) Ndiyo maana siku hizi daktari hang'ang'anii mililita, anauliza damu inakuzuia nini. Pedi inajaa kila baada ya saa moja au mbili? Unavaa mbili pamoja, na kitambaa, na kanga ya rangi nyeusi juu yake? Mabonge yanatoka makubwa kama sarafu? Siku zinapita saba? Kwenye daladala ya Igoma unasimama wakati siti ipo, kwa kuogopa kuacha alama? Hiyo ni nyingi, mama, hata kama bibi yako na mama yako nao walikuwa hivyo hivyo.

Ninyi mnaweka hisa kila wiki, kwa hiyo tuongee hesabu. Mtu mwenye damu ya kutosha, kila mililita ya damu yake ina kama nusu miligramu ya madini ya chuma. Ukipoteza mililita 80, miligramu 40 zimekwenda. Chakula cha siku nzima kinaingiza mwilini miligramu moja hadi mbili tu, na karibu moja inapotea kila siku kwa njia nyingine, hata bila hedhi. Sasa toa, jumlisha. Unakula akiba mwezi kwa mwezi bila kujua, mpaka sanduku liko tupu.

Nilimpokea mama mmoja mchuuzi wa samaki, kwake ni juu kule kwenye mawe ya Mabatini. Alikuja kwa sababu alikuwa akipanda nyumbani anapumzika mara nne. Wingi wa damu ulikuwa 5. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Miaka miwili alikuwa anapewa dawa za malaria, mara aambiwe ni moyo. Kumbe alikuwa anatafuna udongo ule wa sokoni kila siku, na hiyo ni dalili tunayoijua vizuri ya kuishiwa chuma. Hakuna aliyemuuliza hedhi yake ikoje, na yeye hakusema. Aliongezewa damu, akapewa vidonge vya chuma. Nikamwambia avimeze mbali na chai, maana chai ya rangi inakizuia chuma kuingia. Hilo la chai lilimuuma kuliko sindano.

Kabla hujaomba tiba yoyote, uliza kwa nini damu inatoka. Inaweza kuwa mayoma, ule uvimbe wa kwenye kizazi. Inaweza kuwa vinyama vidogo vinavyoning'inia ndani, au homoni zilizovurugika, au tezi la shingoni. Inaweza kuwa kitanzi cha shaba, ambacho huongeza damu kwa baadhi ya wanawake. Binti aliyetoka damu nyingi tangu hedhi yake ya kwanza, na fizi zinavuja, huenda damu yake ina tatizo la kuganda. Na inaweza kuwa saratani. Kwetu huku ziwani naongeza kichocho. Tunakijua kwa mkojo wa damu wa watoto, lakini mayai ya minyoo yake yanakaa pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni, mwanamke anatoka damu baada ya tendo, anatibiwa gono mara tano. Dawa yake ni prazikwanteli. Huyo ukimuunguza kizazi utakuwa umempigia hodi nyumba ya jirani.

Haya, kusafisha. Kusafisha kwa hospitali ni kukwangua utando wa ndani. Kunatumika mimba ikiharibika, au kupata kinyama cha kupima. Kama tiba ya damu nyingi, hakudumu. Mnayajua magugu maji: kijiji kizima kinaingia kuyavuna, mwalo unang'aa, halafu mbegu zilizobaki kwenye tope zinaota tena. Utando wa kizazi una tabaka la juu linaloanguka kila mwezi na tabaka la chini linaloliotesha upya. Kukwangua kunachukua la juu. Na zile dawa za kuingiza ukeni mnazouziwa kwa jina la kusafisha kizazi, mimi sina neno zuri la kuzisemea. Zinaunguza uke, basi.

Kufunga kizazi ni kufunga mirija ili usishike mimba. Hedhi hakuipunguzii kitu.

Kutoa kizazi kunamaliza hedhi moja kwa moja, na wapo ambao ndiyo tiba yao sahihi, sitaki mtu atoke hapa akisema sista kakataza. Lakini ni upasuaji mkubwa, na ukifanyiwa kwa kupasuliwa tumbo, wiki sita hubebi ndoo. Tatizo langu ni pale mwanamke anapodhani kuna njia mbili tu, kuvumilia au kutolewa.

Katikati kuna dawa. Kuna asidi ya traneksamiki, iliyotokana na utafiti wa mke na mume wa Japani, Utako na Shosuke Okamoto, mwaka 1962. Mama Utako ndiye aliyekuwa anatafuta kitu cha kuzuia damu ya wanawake wanaojifungua. Inamezwa siku za damu tu, na haifai kwa aliyewahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu. Kuna vidonge vya homoni. Na kuna kitanzi cha homoni, ambacho nitakirudia.

Sasa kuunguza. Ni kuliharibu lile tabaka la chini, zile mbegu za kwenye tope, ili utando usiote tena au uote kidogo. Kizazi kinabaki mahali pake. Hakuna kisu tumboni. Chombo kinapita ukeni na kwenye mlango wa kizazi. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Marekani, Goldrath, alitangaza kwamba ameunguza utando kwa mwanga wa leza. Baadaye zikaja njia za waya wa umeme, daktari akiangalia kwa kamera nyembamba iliyoingizwa ndani. Hizo zinataka mkono uliozoea kweli. Kisha vikatengenezwa vyombo vya kuwarahisishia madaktari: puto linaloingizwa likiwa limenywea, linajazwa maji ya sukari, yanapashwa hadi nyuzi 87 kwa dakika nane. Kingine ni wavu unaofunguka kama kipepeo ndani ya kizazi na kupitisha umeme, kazi inakwisha ndani ya dakika mbili. Kipo hata cha kugandisha kwa baridi. Unafanyiwa kwa ganzi au kwa nusu kaputi, na wengi wanalala kwao siku hiyo hiyo. Tumbo linanyonga kama hedhi kali kwa siku moja au mbili, halafu yanatoka majimaji ya rangi ya waridi kwa wiki chache.

Si kila hospitali ina vyombo hivi wala mtu wa kuvitumia. Ulizia kliniki ya magonjwa ya wanawake ya hospitali ya rufaa, usiulize dukani.

Na kuna masharti. Lazima uwe umemaliza kuzaa, umemaliza kweli, si kwa sababu umegombana na baba watoto. Lazima upigwe altrasaundi, na uchukuliwe kinyama cha utando kipelekwe maabara, kwa sababu ukiunguza juu ya saratani umeifukia. Usiwe mjamzito, wala na maambukizi ya nyonga. Kama kizazi kimejaa mayoma makubwa, au kovu la upasuaji wa uzazi lilipita wima sehemu ya juu ya kizazi, daktari atakuambia hapana. Na ambaye hedhi ilishakoma mwaka mzima halafu anaona damu, hata tone, huyo anatafutiwa chanzo kwanza. Habari ya kuunguza haipo kwake.

Maswali. Ndiyo, mama mwenye kilemba.

"Sista, damu isipotoka si inarundikana ndani, ipande kichwani?"

Haipandi. Hedhi ni utando unaoanguka. Usipoota, hakuna cha kuanguka. Ovari zako hazijaguswa, kwa hiyo hukomi hedhi kabla ya wakati, jasho la ghafla halikuhusu. Ila wachache wanapata kifuko cha damu kilichonasa nyuma ya kovu, na hasa waliofungwa mirija zamani wanaweza kusikia maumivu ya pembeni kila mwezi. Ukisikia hivyo, rudi.

"Kwa hiyo nikiunguzwa, uzazi wa mpango basi?"

Hapana, na hapa mnisikilize. Kuunguza si kufunga. Mimba inaweza kuingia, na ikiingia ni ya hatari: inaharibika, au inatunga nje, au kondo la nyuma linagandia ukutani lisitoke. Unaendelea na uzazi wa mpango mpaka hedhi ikome kwa umri.

"Inapona kabisa?"

Kati ya wanawake kumi, watatu hadi watano hedhi inakata kabisa, wengi waliobaki inapungua wanaishi nayo. Kama wawili kati ya kumi wanarudi baada ya miaka kadhaa kufanyiwa upasuaji mwingine, kwa kawaida kutolewa kizazi. Na kadiri unavyokuwa mdogo ndivyo uwezekano wa kurudi unavyopanda, kwa sababu una miaka mingi ya homoni mbele yako.

Dada wa mwisho pale. Una miaka 33, watoto wanne, unataka uunguzwe wiki hii? (Kicheko.) Mimi ningeanza na kitanzi cha homoni.

"Lakini sista, kitanzi si ndicho kilichonianzishia kublidi!"

Hicho kilikuwa cha shaba. Hiki kina homoni inayoufanya utando uwe mwembamba, damu inapungua sana, na ukibadilisha mawazo kinatolewa na unazaa. Miezi ya mwanzo kinatia matone matone, usikitoe wiki ya tatu ukasema sista kanidanganya. Nenda kapimwe wingi wa damu kwanza, na uandike miezi miwili: tarehe ilipoanza, ilipoisha, pedi ngapi kwa siku. Daftari lako la hisa lina kurasa tupu nyuma, nimeliona.

Mwenye swali la faragha nitakuwa pale nje chini ya mwembe hadi saa sita. Wenye dagaa tangulieni, naona wingu linatoka upande wa Ukerewe.