Mpira na Maji: Breki na Springi za Gari la Zamani

Hamjambo. Kabla sijaanza, naomba kipande hiki kipitishwe mkono kwa mkono, tuanzie na yule mama wa mbele. Ni hozi ya breki, ule mpira unaopitisha mafuta ya breki hadi kwenye gurudumu. Nimeipasua kwa msumeno kutoka ncha hadi ncha ili muone ndani. Kwa nje haina neno; ukiifuta vumbi unaweza kuiuza kule Grogan, kwenye vipuri vya magari, kama mpya. (Kicheko.) Lakini chungulieni ndani: mpira umevimba, tundu limebaki la kupitisha sindano. Hiyo ilikuwa kwenye gurudumu la mbele kushoto la lile gari jeupe mlilolipita mkiingia, Peugeot 504 ya mwaka 1979.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya breki na springi za gari la zamani, kazi ya kufanyia nyumbani. Mimi si fundi. Nilifundisha fizikia shule za upili mpaka nikastaafu, na mengi nitakayosema nimejifunzia uani kwangu Buruburu, ua wenye nafasi ya gari moja na kamba ya kuanikia nguo. Mafundi mlio humu, nikiteleza nikatizeni.

Mtu akinunua gari la zamani huuliza habari ya kutu, kisha injini. Si vibaya. Lakini chuma cha 504 ni kikaidi. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Wa rika langu mnazikumbuka Peugeot za abiria za Nakuru na Kisumu, zilivyosheheni watu, kuku na magunia, na bado zikapita kwenye mashimo kama hazikuyaona. Kinachochoka mapema ni mpira, pamoja na mafuta ya breki, ambayo hunywa maji kila siku. Na hivi viwili huchoka hata gari likiwa limelala. Utalikuta gari chini ya turubai, mwenyewe anakuapia kwamba alikuwa akienda nalo kanisani tu. Hilo ndilo la kuogopa.

Mimi nilifunzwa na mteremko wa Mai Mahiu. Tulikuwa tukishuka ile barabara ya zamani, mke wangu na mimi, tukienda harusini Narok. Mbele yetu kulikuwa na trela linalotambaa, nami nyuma yake nakanyaga breki, naachia, nakanyaga tena. Mara pedali ikawa laini kama embe bivu. Nikapampu, ikashika kidogo, ikazama tena. Nikarudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, nikavuta hendibreki, tukajikokota hadi karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Mke wangu akaingia kusali. Mimi nikabaki nje nalitazama gari. Baada ya nusu saa hivi, pedali ikarudi ngumu, kana kwamba tulikuwa tumeisingizia.

Hapo ndipo dereva husema "limepona" akaondoka. Halijapona. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, huvuta unyevu wa hewani, unaopenya taratibu kupitia mpira wa hozi na tundu la hewa kwenye kifuniko cha chupa yake. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishapata maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya, 140 ikiwa imekunywa maji. Hizo asilimia ndogo! Sasa ukibana breki mteremko mzima, joto la diski hupita kwenye pedi, likaingia kwenye pistoni ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, na mafuta yaliyo nyuma yake yakachemka. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa. Mguu wako unabana mvuke badala ya kubana diski. Breki zikipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji, na pedali inarudi. Sisi tulio juu tuna hasara ya ziada: hapa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Wapishi wa githeri wanalijua hilo kuliko wanafunzi wangu.

Kwa hiyo, kabla hujagusa spana, jiulize mafuta yaliyo ndani yana umri gani. Kama hujui, jibu ni kwamba yamezeeka. Yabadilishe yote, na tangu hapo kila miaka miwili. Nunua mkebe uliofungwa kiwandani. Ule uliofunguliwa mwaka jana ukaachwa stoo umeshakunywa maji yake. Yaliyotoka kwenye gari usiyarudishe hata yakionekana masafi. Wala usithubutu kuongeza oili ya injini au ya gia; hiyo huvimbisha kila mpira wa breki kuanzia masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, hadi magurudumuni, nawe utavibadilisha vyote. Yakidondoka kwenye rangi, mwaga maji mengi mara moja, maana hula rangi.

Naam, kijana mwenye kofia? Anauliza: kwa nini tusitumie DOT 5, ile ya silikoni, ambayo hainywi maji? Swali zuri. Ni kweli hainywi, wala haili rangi, na wenye magari ya maonyesho wanaipenda. Lakini haichanganyiki na hizi nyingine, kwa hiyo ni lazima mfumo mzima usafishwe kwanza. Na maji yakipata njia ya kuingia hayasambai. Yanakusanyika mahali pa chini, yakaanza kula chuma. Mimi nimebaki na DOT 4. Na usichanganye DOT 5 na DOT 5.1. Zinafanana majina kama binamu, damu si moja.

Turudi kwenye hozi. Iko wapi sasa? Endelea kuizungusha, dada. Gurudumu lile la kushoto lilikuwa likichemka, na gari linavuta upande. Fundi mmoja alinibadilishia sili za kalipa. Likachemka. Akanibadilishia kalipa nzima. Likachemka. Hakuna aliyeshuku hozi, kwa sababu kwa macho ilikuwa nzima. Ukikanyaga, mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta kwenye tundu lolote. Lakini yanaporudi hayana wa kuyasukuma. Kinachorudisha pistoni ni ile sili yake ya mpira: pistoni ikitoka, sili hupinda nayo kidogo; ukiachia, inanyooka na kuivuta nyuma sehemu ndogo tu ya milimita. Nguvu hiyo haifui dafu mbele ya hozi iliyovimba. Mafuta yanakwama, pedi zinaendelea kusugua.

Namna ya kumjua mwizi ni hii. Gari likiwa juu ya stendi na gurudumu limekwama, legeza nati ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, kalipa haina kosa. Kulikuwa na shinikizo lililofungiwa. Likiendelea kukwama, pistoni imeshika kutu au pini za kalipa zimekauka. Kama limekuwa huru, kanyaga tena likwame, kisha legeza kiungo cha bomba la chuma pale linapoingia kwenye hozi. Likibaki limekwama, mwizi ni hozi. Likiachia, panda juu kwenye masta silinda. Dakika kumi, na hujanunua chochote. Na hozi badilisha mbili mbili, kulia na kushoto. Angalia pia tarehe iliyochapishwa kwenye mpira. Mimi nimewahi kuuziwa "mpya" iliyokaa rafuni miaka.

Kalipa ukiifungua, pistoni yenye vishimo vya kutu haina dawa. Usiisugue kwa msasa ukairudisha, itakata sili mpya. Kuitoa, tumia pedali yenyewe ikusukumie kabla hujafungua bomba. Wanaotumia upepo wa kompresa waweke kipande cha mbao mbele na vidole mbali. Pistoni huruka kama risasi.

Wenye breki za drami nyuma, badala ya diski, nitawaambia mawili tu. Fungua upande mmoja, mwingine uuache mzima uwe mwalimu wako, maana zile springi ukizichanganya utakesha. La pili halina mzaha: vumbi la lainingi za zamani linaweza kuwa na asbesto. Usipulize kwa mdomo wala kwa upepo, usipige brashi kavu. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kifunge kwenye mfuko, na watoto wasiwe karibu.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili wanaopatana. Mimi nilimweka binti yangu kwenye pedali, akiwa kidato cha pili. Mpira mwangavu kwenye nati, ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. "Kanyaga." Nalegeza, mapovu yanatoka. "Shikilia." Nakaza. "Achia." Akiachia kabla sijakaza, hewa inarudi ndani na tunaanza upya, na tulianza upya mara nyingi, hadi akaniambia, "Baba, sema neno moja kwa wakati." Kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, lakini kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu. Na hili niliambiwa nikiwa nimechelewa: weka kibao chini ya pedali isizame hadi sakafuni. Kwenye masta silinda ya zamani, sili zimesafiri sehemu ileile miaka yote. Mbele yake kuna kutu na uchafu. Ukizisukuma mpaka huko zinachanika, na unamaliza kazi ukiwa na breki mbovu kuliko ulivyoanza.

Springi na bushi, zile pete za mpira kwenye maungio, nitaenda haraka zaidi, ila mahali pamoja. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Imeshikamana na bomba la chuma katikati. Mkono wa chini, kile chuma kinacholishika gurudumu kwenye gari, ukipanda na kushuka, mpira unajipinda. Mimi nilipobadilisha bushi za mbele, nilifunga bolti na kuzikaza kabisa gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia. Kazi safi, nikajisifu. Nililiposhusha, mikono ikapanda mahali pake, na bushi zikaanza maisha zikiwa zimepindika. Miezi miwili hazikufika. Zilichanika zote mbili. Funga kwa mkono tu, shusha gari likae kwa uzito wake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu. Ukitaka bushi iingie, paka maji ya sabuni. Usipake oili wala grisi ya petroli. Huo ni mpira, mmeshaona oili inavyoufanya.

Gari likiinama upande, usikimbilie kununua. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, kwenye sakafu tambarare, uandike. Na hizi raba za kuinulia gari mnazosukuma katikati ya springi, samahani, sizipendi. Ukizifunga duru mbili, zile zilizobaki zinabeba mzigo wote. Springi inakuwa ngumu na siku moja inakatika. Kama springi imelala, nunua jozi.

Na kuna kazi moja ambayo siifanyi nyumbani, wala sioni aibu. Mbele ya 504, springi imeizunguka shokomzoba yenyewe. Kuitenganisha lazima springi ibanwe, na springi iliyobanwa ni mtego. Zile kulabu mbili za bei rahisi huteleza. Mimi natoa kitu kizima, nakitia ndani ya matatu, nakipeleka kwa mtu mwenye mashine imara iliyofungwa ukutani. Abiria hulalamika kidogo. Kurudi nyumbani nakifunga mwenyewe, halafu naenda kupimiwa alainimenti, maana ukishagusa mkono wa chini, magurudumu hayaelekei tena kule ulikokuwa umezoea.

Mzee wa nyuma? Ndiyo, pedi mpya. Usizijaribu kwenye Thika Road saa za jioni. Jumapili alfajiri, barabara tupu, pandisha hadi kilomita 60 kwa saa, punguza taratibu hadi 20, acha zipoe, rudia mara kumi hivi bila kusimama kabisa. Utasikia harufu kidogo; ni kawaida. Kisha rudi nyumbani, weka mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, mnajua pa kuanzia.

Nani ana hozi yangu? Haya, baki nayo, nina nyingine mbili za hivyohivyo. Jeki na stendi ziko kwenye buti. Nitafungua gurudumu la mbele kulia. Anayetaka kuona ile bushi avue saa na koti, anifuate nje.